Mna Nini cha Kunywa?





Wapo kati yetu wanaojiandaa kwenda Ujerumani: masista watakaosomea uuguzi, vijana waliopata nafasi za mafunzo ya ufundi, na wazazi wanaokwenda kuwaona wajukuu. Wengi wao huniuliza, kwa kuwa wanajua nimepata kuishi huko, ni maneno gani ya Kijerumani yatawafaa kwanza. Huwajibu kwamba waanze na kinywaji. Hudhani natania, kumbe sitanii. Mgeni katika nchi ile aweza kukaa siku nyingi asiulizwe habari za ukoo wake wala za dini yake. Lakini hawezi kuingia nyumbani kwa mtu, wala kuketi mkahawani, bila kuulizwa atakunywa nini. Naye hawezi kujibu vema kama hajui kuuliza kuna nini. Kwa majira kadhaa ya kiangazi nilishika nafasi ya paroko aliyekuwa likizo katika parokia moja ya kijijini kusini mwa Ujerumani, na naweza kushuhudia kwamba sehemu kubwa ya Kijerumani changu niliipata mbele ya bilauri.

Tulitazame kwanza swali lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida husemwa: *Was gibt's zu trinken?* (tamka: vas gipts tsu trinken). Maana yake ni "Kuna nini cha kunywa?" Vitabu vya sarufi huandika *Was gibt es*, lakini mdomoni lile neno *es* humezwa, ikabaki s moja tu. Ajabu yake ni kwamba *gibt* hutokana na kitenzi *geben*, yaani kutoa au kumpa mtu kitu. Pale ambapo sisi husema "kuna", Mjerumani husema, neno kwa neno, "inatoa". Kuna mvua, kuna mkate, kuna chai: yote kwake "inatoa". Mwenye lugha yake halifikirii jambo hilo, kama sisi tusivyofikiria "kuna" yetu. Mimi niliyeijifunza ukubwani nililifikiria sana, nikaona si vibaya mtu akumbuke, hata anapoulizia maji tu, kwamba kilichopo mezani kimetolewa na mtu.

Swali hilo likisemwa hivyo hivyo, kavu, linafaa kwa marafiki au kwa watoto wanaorudi nyumbani na kiu. Mgeni hulilainisha kwa vineno vidogo ambavyo kamusi haziwezi kuvifasiri vizuri. Cha kwanza ni *denn*. *Was gibt's denn zu trinken?* Hiki kinafanana na "hivi" au "kwani" yetu, kama tunaposema, "Hivi, mna nini cha kunywa?" Kinaondoa ukali wa swali na kuonyesha kwamba muulizaji anauliza kwa moyo mwema, hadai. Cha pili ni *so*. *Was gibt's denn so?* Hapo muulizaji anataka kutajiwa orodha, kama sisi tunavyosema, "Kuna nini na nini?" Cha tatu ni *auch*, yaani "pia". *Haben Sie auch Tee?* "Na chai pia mnayo?" Anayeuliza hivi hamlaumu mwenyeji iwapo chai haipo.

Lakini kineno ninachokipenda kuliko vyote ni *da*. Mwenyeji akuulizapo, *Was möchten Sie trinken?*, yaani "Ungependa kunywa nini?", jibu la heshima ni kumrudishia swali: *Was haben Sie denn da?* "Hivi mna nini hapo?" Huyo *da* maana yake ni kilichopo ndani ya nyumba wakati huu. Kwa kineno hicho mgeni anasema: sitaki uhangaike, usitume mtu dukani, nitajie kilichopo nami nitachagua humo. Mwenyeji naye hutaja bila kuona haya: maji, juisi ya tufaha, bia, kahawa naweza kuchemsha. Ndipo mgeni humalizia: *Dann nehme ich ein Wasser, bitte*, "Basi nitachukua maji, tafadhali." Mambo yamekwisha, na hakuna aliyeaibika.

Mtaona hapo nimeandika *Sie*. Wajerumani wana "wewe" za namna mbili: *Sie* ya heshima, kwa mtu mzima usiyemzoea, na *du* kwa rafiki, ndugu, mtoto, na hata kwa Mwenyezi Mungu katika sala. Kwa rafiki utasema *Was hast du da?* Kwa bibi wa miaka 80 ambaye ndiyo kwanza umekutana naye, usithubutu. Sisi hatuna viwakilishi viwili vya namna hiyo, lakini tunayo shikamoo, kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwetu.

Sasa tuje kwenye majibu, maana hapa ndipo wengi wetu hupata taabu. Sisi tumelelewa kwamba mgeni mwenye adabu hachagui. Akiulizwa atakunywa nini, hujibu, "Chochote tu, msijisumbue." Ni adabu njema, na sitaki mtu yeyote aidharau. Lakini ukiifasiri neno kwa neno kwa Kijerumani, ukasema *egal*, yaani "ni mamoja", mwenyeji anaweza kusikia kwamba hujali. Ameuliza kwa kuwa anataka kukupa kile hasa kitakachokufaa, nawe umemwachia yeye kazi ya kubahatisha. Kwake yeye, kuchagua ndiyo heshima. Mtu akisema wazi, *Ich hätte gern einen Kaffee*, "Ningependa kahawa", amempa mwenyeji furaha ya kumhudumia sawasawa.

Jambo lingine ni neno *danke*, yaani asante. Ukiulizwa, *Noch einen Kaffee?*, "Kahawa nyingine?", nawe ukajibu *Danke* peke yake, birika litaondoka. Asante hiyo ni ya kukataa. Anayetaka husema *Ja, gern* au *Ja, bitte*. Sisi nasi tunayo asante ya namna hiyo: mtu akipita watu wakila, wakamwambia, "Karibu chakula," naye akajibu, "Asante," kila mmoja anajua hatakula. Tofauti ni kwamba kwetu mwenyeji hukaribisha mara ya pili na ya tatu, na mgeni aliyekataa mara ya kwanza kwa adabu hupata nafasi ya kukubali baadaye. Kule, hapana yako huheshimiwa mara moja. Anayekataa kwa adabu ilhali koo limekauka, atakaa na kiu yake mpaka aage.

Kuhusu vinywaji vyenyewe, nitagusia tu vile ambavyo msafiri atakutana navyo. Ukiomba maji mkahawani utaulizwa: *Mit oder ohne?* "Yenye au yasiyo na?" Kinachoulizwa ni gesi. Maji yenye gesi huitwa pia *Sprudel*, na yasiyo na gesi ni *stilles Wasser*, maji yaliyotulia. Maji ya bomba ni *Leitungswasser*. Kule yananyweka bila kuchemshwa, lakini mkahawani si desturi kuletewa bila kuyaomba, na yale ya chupa hulipiwa kama soda. *Schorle* ni juisi iliyochanganywa na maji ya gesi, nayo hukata kiu vizuri. Ya tufaha huitwa *Apfelschorle*. Lakini jihadhari: *Weinschorle* ni ya divai. *Radler* ni bia iliyochanganywa na limonadi. Kaskazini huitwa *Alster*. Ukiomba *Tee* utaulizwa chai gani, ya majani meusi, ya mnanaa au ya mitishamba, na maziwa hutayaona usipoyataja. Anayetarajia chai ya maziwa kama ya nyumbani ajiandae kueleza. Ukiwa Köln, bia ya pale iitwayo *Kölsch* huletwa katika bilauri nyembamba za lita 0.2, na mhudumu ataendelea kuleta nyingine kila moja inapokwisha, bila kuulizwa, mpaka ufunike bilauri yako kwa kile kikadi cha kuwekea bia. Huko hata ukimya una maana yake.

Na hapa naomba tutulie kidogo, maana tumefika mahali ambapo swali hili dogo huacha kuwa la sarufi.

Katika parokia ile palikuwa na mzee mmoja mchangamfu aliyesaidia katika kila sikukuu. Nilikuwa nimegundua desturi yake: popote alipoingia, kabla hata ya kuketi, alikuwa wa kwanza kuuliza, *Was haben Sie ohne Alkohol?* "Mna nini kisicho na kilevi?" Siku moja, tukipanga viti baada ya sherehe ya parokia, alinieleza sababu yake mwenyewe. Alikuwa amekunywa pombe kwa miaka mingi, akapoteza kazi, na karibu ampoteze mkewe. Aliinuliwa na kikundi cha Kreuzbund, chama cha Wakatoliki kilichoanzia Aachen mwaka 1896, ambamo watu waliotekwa na ulevi pamoja na jamaa zao hukutana na kusaidiana. Aliniambia kwamba katika mwaka wake wa kwanza wa kuacha, sentensi ile ya maneno machache ilimshinda kuisema. Aliona kana kwamba kila atakayeisikia atajua historia yake yote. Ndipo mwenzake wa kikundi akamfundisha kuuliza mapema. "Ukingoja," alimwambia, "bilauri itakuwa imekwisha kujazwa, na kukataa bilauri iliyojazwa ni kazi mara kumi."

Tangu siku hiyo nilianza kutazama mambo kwa jicho jingine. Niliona kwamba katika sherehe za kuzaliwa za wazee, sinia lililopitishwa lilikuwa na bilauri za divai yenye povu upande mmoja na za maji ya machungwa upande mwingine, na aliyelishika aliuliza tu, *Sekt oder Orangensaft?* Kila mtu alichukua alichotaka, na hakuna aliyeulizwa sababu. Niliona kwamba katika masoko ya Noeli, kando ya divai ya moto yenye viungo, huuzwa *Kinderpunsch*, kinywaji cha moto kisicho na kilevi, na watu wazima nao hukinywa. Nilijifunza pia kwamba sheria ya shirikisho kuhusu mikahawa inaagiza kuwa penye kuuzwa pombe, angalau kinywaji kimoja kisicho na kilevi kisizidi bei ya pombe iliyo rahisi kuliko zote, hata ikipigiwa hesabu kwa lita. Baadhi ya majimbo yamejitungia sheria zao, lakini wazo lenyewe ni la hekima: maskini asisukumwe kwenye bia kwa kuwa maji ni ghali. Hata hivyo si yote yaliyo salama. Bia inayoitwa *alkoholfrei* inaruhusiwa kuwa na kilevi hadi asilimia 0.5, na yule mzee hakuigusa. Alichagua tufaha na maji.

Kanisa lenyewe linajua ugumu huu. Barua ya Baraza la Kipapa la Mafundisho ya Imani ya tarehe 24 Julai 2003 ilieleza kwamba padre mwenye ugonjwa wa ulevi aweza kupewa ruhusa na mkuu wake ya kutumia *mustum*, yaani maji ya zabibu ambayo uchachu wake umezuiliwa, katika kuadhimisha Misa. Kama hata altareni imeandaliwa njia kwa ajili ya aliye dhaifu, je, katika meza zetu za harusi na Kipaimara hatuwezi kuiandaa?

Nasema hivi kwa kuwa nazijua sherehe zetu. Kuna kamati ya vinywaji, na kreti hupangwa kwa hesabu nzuri. Lakini ndugu aliyeacha pombe miezi mitatu iliyopita akiomba maji, huzungukwa. "Leo tu, bwana! Moja haiui. Umekuwa padre?" Tunacheka, naye anacheka, na hatujui anapigana vita gani moyoni. Nawaomba wanakamati: anayepita na sinia ayataje maji na juisi kwa sauti ile ile anayotajia bia. Na anayejibiwa "maji" asiulize kwa nini.

Kuna nyumba nyingine ninayoikumbuka. Katika parokia ile, padre huwatembelea wazee katika siku yao ya kuzaliwa. Nilimtembelea bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Aliniuliza ningependa kunywa nini, nami nikajibu kama nilivyofundishwa: *Was haben Sie denn da?* Alinyamaza kidogo, kisha akasema, *Leider nur Leitungswasser.* "Kwa bahati mbaya, maji ya bomba tu." Hakusema kwa kulalamika. Aliyaleta katika bilauri safi sana, juu ya kitambaa cha kufuma, tukazungumza karibu saa nzima.

Baadaye tu, katikati ya maneno mengine, nilifahamu. Fedha hakukosa. Maji ya chupa kule huuzwa kwa kreti, na kreti ya kawaida ya chupa za kioo ina chupa 12 za lita 0.7. Hizo ni lita 8.4 za maji, kabla hujahesabu uzito wa chupa zenyewe na wa kreti. Hakuweza tena kuipandisha ngazi zile. Mumewe ndiye aliyekuwa akiibeba, na mumewe alikuwa amefariki. Majirani walimsalimu vizuri kila siku, lakini hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameketi kwake na kuuliza kuna nini cha kunywa. Nilimweleza katibu wa parokia, naye akampata kijana wa jirani. Kila baada ya juma moja kijana huyo alipandisha kreti iliyojaa na kushusha chupa tupu, na bibi akamwachia zile senti za dhamana zinazorudishwa dukani. Nilipoondoka mwishoni mwa kiangazi, kijana alikuwa amekwisha kuzoea kuketi na kunywa bilauri moja kabla ya kushuka.

Basi nimejifunza kwamba swali hili, likiulizwa kwa moyo, ni swali juu ya nyumba nzima. Anayeuliza kuna nini anaweza kuambiwa pia kisichokuwapo.

Tuangalie na kwetu. Nikiwa kigangoni, nikaingia kwa mama mjane asiye na lolote, naijua sauti ya mlango wa nyuma. Mtoto ametumwa. Anakimbia dukani na maneno ya mama yake, "mwambie nitalipa Jumamosi", na baada ya dakika chache ninawekewa soda ya baridi mbele yangu, huku watoto wanne wakitazama kutoka mlangoni. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Soda ile ya mkopo haiponyi mtu yeyote. Wala sithubutu kusema kwamba mama yule anakosea. Upendo wake ni mkubwa kuliko kabati lake, na hilo sikuliona kwa urahisi mahali pengine. Mwenyeji wa kule hutoa kilichopo. Mwenyeji wa kwetu hutoa hata kisichokuwapo. Sisi tunaopokea ndio tunaopaswa kumwekea mpaka, kwa kuwa yeye hatauweka.

Kwa hiyo siku hizi naingia na neno langu mapema, kama mzee yule wa Kreuzbund. Kabla mtoto hajatumwa, nasema, "Mama, leo nina hamu na maji yako ya mtungini," au, "Uji wa watoto umebaki? Nipe kidogo." Nikisema tu "sitaki kitu" nitamvunja moyo, maana nimeukataa mkono wake. Nikimtajia kilichomo ndani, mkono wake nimeupokea, na deni la dukani halipo. Kumbukeni kwamba hata Bwana wetu, alipochoka safarini na kuketi penye kisima cha Yakobo, alimwomba yule mama Msamaria kile alichokuja kuteka.

Ninyi mnaosafiri, jifunzeni basi maneno haya: *Was haben Sie denn da?* Yatawafungulia milango mingi, na wenyeji watawapenda. Ninyi mnaobaki, hamhitaji Kijerumani. Juma hili, kila mmoja wetu amtembelee mtu mmoja anayeishi peke yake, aketi, aombe maji ya kunywa, na asikilize vizuri anachojibiwa. Na katika sherehe zinazokuja, tumwache kila mtu achague bilauri yake kwa amani.

Nawatakieni juma jema lenye baraka. Tuombeane.